Wageni wa Tahiti, na Watahiti Ugenini

Mwaka 1770 bandari ya Port Louis, Mauritius, ilimpokea abiria asiyefanana na wengine. Alikuwa ametoka Paris, ambako alikaa takriban mwaka mmoja akijifunza njia za mji na kuipenda opera kuliko starehe nyingine yoyote. Siku za maonyesho alizijua, mlango aliujua, na alikwenda peke yake. Jina lake lilikuwa Ahutoru. Kwao ni Tahiti, upande wa pili wa dunia, na pale Mauritius alikuwa safarini kurudi nyumbani. Pierre Poivre, msimamizi wa serikali ya Ufaransa kisiwani humo, alimkirimu na kuhangaikia usafiri wake, lakini mwaka ukakatika kabla meli haijapatikana. Oktoba 1771 Ahutoru aling'oa nanga pamoja na nahodha Marion du Fresne. Ndui ilikuwa imekwisha kumwingia. Alifariki dunia mwezi uliofuata karibu na Madagascar, na Bahari ya Hindi ikawa kaburi lake.

Aliyemchukua kwao, nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, alidai baadaye kuwa alitumia theluthi ya mali yake ili mtu huyo arudishwe. Yawezekana. Kilicho hakika ni kwamba vitabu vingi vinavyoisimulia Tahiti vimejaa watu waliofika: manahodha, wamisionari, wachoraji, nyota wa sinema. Waliotoka, kama Ahutoru, hupewa aya moja na kusahauliwa. Ukiwaweka waliofika na waliotoka katika masimulizi mamoja, kisiwa kile cha kwenye kadi za posta kinageuka kuwa nchi ya mabaharia na wanasiasa, yenye vita vyake, fitina zake, na udadisi wake mkubwa juu ya dunia.

Tahiti yenyewe ni volkano mbili zilizoungana. Kubwa ni Tahiti Nui, yenye mlima Orohena unaofika mita 2,241. Ndogo ni Tahiti Iti, na kati yao pana shingo nyembamba ya ardhi iitwayo Taravao. Eneo lote ni kilomita za mraba 1,045 hivi, dogo kuliko Unguja. Katikati kuna mabonde yenye kuta za majani na maporomoko ya maji, mahali pazuri pa kutazama na pagumu pa kuishi, kwa hiyo watu wamejipanga pwani, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na bahari. Mwamba wa matumbawe umeizunguka sehemu kubwa ya kisiwa. Pale mto unapomwaga maji yake baridi matumbawe hayastawi, na hapo ndipo unapobaki mlango wa vyombo. Mchanga wa fukwe nyingi ni mweusi, maana umesagika kutoka jiwe la volkano, jambo linalowashtua watalii waliokuja na picha nyingine kichwani.

Mpemba akishushwa hapo hangejiona mgeni wa mimea. Angekuta mnazi, mgomba, mkadi, mtondoo, magimbi shambani, mvinje uliotumika kutengenezea mikuki, na juu ya yote mshelisheli, ambao Watahiti waliufanya mlo wa kila siku na hata kuchachusha matunda yake mashimoni ili wawe na akiba ya miezi ya njaa. Mingi ya mimea hiyo haikujiotea yenyewe. Ilipandishwa mitumbwini pamoja na nguruwe, mbwa na kuku, na watu waliokuja kuhamia.

Mababu wa watu hao walitoka magharibi. Walifika Tonga na Samoa karibu miaka 2,800 iliyopita, kisha wakatulia huko kwa karne nyingi. Vipimo vya karibuni vya umri wa mabaki vinaonyesha kuwa safari iliyowaleta hadi visiwa vya Tahiti ilifanyika karibu na mwaka 1000 hadi 1100 BK, na baada ya hapo, kwa muda mfupi wa kustaajabisha, wakasambaa hadi Hawaii, Rapa Nui na New Zealand. Ndugu zao wa mbali wa lugha walikuwa wameelekea upande wetu: ndio waliohamia Madagascar, na wataalamu wa vyombo vya baharini huihusisha na mabaharia hao ngalawa yetu, yenye magogo ya kuelea pande zote mbili.

Basi mgeni wa kwanza kutoka Ulaya hakukuta watu waliojifungia. Meli ya Kiingereza Dolphin, chini ya Samuel Wallis, iliifikia Tahiti mwezi Juni 1767 katika ukungu. Ukungu ulipofunuka, mabaharia walijikuta wamezungukwa na mitumbwi. Siku za mwanzo zilichanganya biashara na ugomvi: nguruwe, kuku na matunda upande mmoja, misumari upande wa pili, na katikati mawe na risasi. Tarehe 24 Juni, katika ghuba ya Matavai, mvua ya mawe iliishukia Dolphin kutoka mitumbwini. Mizinga ikajibu. Mitumbwi ilipasuliwa vipande, watu wakafa, na siku chache baadaye wenyeji wakaamua kuwa watu wenye silaha za namna hiyo ni heri wawe marafiki.

Chuma hakikuwapo kisiwani. Msumari mmoja uliweza kugeuzwa ndoana au patasi, na bei yake ikawa inapanda kila siku. Mabaharia walipogundua kuwa msumari unaweza pia kununua mapenzi, walianza kuing'oa meli yao wenyewe kutoka ndani, mpaka maofisa wakaingiwa na hofu kuwa chombo kitaachana kikiwa bandarini.

Wallis alikaribishwa na mwanamke mwenye madaraka, Purea, na akadhani amekutana na malkia wa kisiwa kizima. Hapo ndipo mgeni alipoanza kuona anachotaka kuona. Tahiti haikuwa na malkia mmoja wala mfalme mmoja. Purea na mumewe Amo walikuwa watawala wa Papara, upande wa kusini, na walikuwa katikati ya mradi wa hatari: kumkweza mtoto wao Teri'irere juu ya watoto wa watawala wengine. Kwa ajili yake walijenga hekalu la mawe, marae ya Mahaiatea, lenye ngazi 11 na kimo cha zaidi ya mita 13. Wapinzani waliona kiburi, wakavamia. Nahodha Mwingereza James Cook na mtaalamu wa mimea Joseph Banks walipopita hapo mwaka 1769, hekalu lilikuwa bado jipya, na chini yake pwani walikanyaga mifupa ya watu waliouawa katika vita hivyo. Hekalu nalo halikudumu. Mawe yake yalichukuliwa kwa ujenzi katika karne ya 19, na leo limebaki rundo.

Bougainville alifika Aprili 1768, miezi kumi hivi baada ya Wallis, bila kujua kuwa Waingereza wametangulia. Alikaa siku tisa hivi huko Hitia'a, upande wa mashariki, akapoteza nanga kadhaa, akapokewa kwa matunda, nyimbo na tabasamu. Akakiita kisiwa Kithera Mpya, kwa jina la kisiwa cha Wagiriki cha mungu wa mapenzi. Hakujua kwamba sehemu ya upole ule ilikuwa hesabu ya watu waliokwisha kuonja mizinga.

Mmoja wa watu wa msafara wake alitambuliwa haraka na wenyeji kuliko na wenzake. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, alikuwa na msaidizi aliyebeba mizigo yote milimani bila kulalamika. Kwa simulizi ya Bougainville, Watahiti walimtazama msaidizi huyo mara moja tu na kupiga kelele kuwa ni mwanamke. Ndivyo alivyokuwa: Jeanne Baret, aliyevaa kiume kwa sababu wanawake walikatazwa melini. Yeye na Commerson waliteremka Mauritius, Commerson akafia huko mwaka 1773, na Baret aliporejea Ufaransa akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Ahutoru aliondoka na meli hizo kwa hiari yake. Kufuatana na desturi ya urafiki ya kwao, alibadilishana jina na nahodha, kila mmoja akawa somo wa mwenzake. Na katika mazungumzo marefu ya njiani alimweleza Bougainville mambo ambayo siku tisa za karamu hazikumwonyesha: kwamba kisiwani kuna mabwana na watwana, kwamba vita ni vikali, kwamba wanadamu hutolewa kafara. Bougainville alikuwa mwungwana wa kutosha kuyaandika masahihisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1771. Wasomaji wa Paris waliyaruka. Walichotaka ni kisiwa kisicho na dhambi wala kodi, na Denis Diderot akakitumia kisiwa hicho kuwasuta Wazungu wenzake katika mjadala wa kubuni uliochapishwa mwaka 1796, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ahutoru, shahidi pekee aliyekuwapo, alikuwa mtu wa kutazamwa zaidi kuliko wa kuulizwa.

Cook alikuja na kazi maalumu. Tarehe 3 Juni 1769 sayari ya Zuhura ingepita mbele ya jua, na wanaastronomia walitumaini kuwa vipimo vilivyochukuliwa pembe mbalimbali za dunia vingewapa umbali kati ya dunia na jua. Alijenga boma Matavai, akaliita kwa jina la sayari hiyo. Kifaa muhimu cha kupimia kikaibiwa, kikatafutwa milimani hadi kikapatikana. Siku yenyewe anga lilikuwa safi, lakini ukingo wa Zuhura ulionekana kunata kwenye ukingo wa jua, na saa za waliopima hazikukubaliana.

Jambo kubwa la safari ile lilikuwa mtu, naye alipanda Endeavour, meli ya Cook, mwezi Julai.

Tupaia alikuwa kuhani wa Ra'iatea, kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi mwa Tahiti, ambako Taputapuatea, hekalu lililoheshimiwa kuliko yote, lilikuwa kiungo cha visiwa vya mbali. Alikuwa pia mmoja wa arioi, jumuiya ya wasanii na waabudu wa mungu Oro waliosafiri kisiwa hadi kisiwa wakicheza, wakiigiza na kuwakejeli hata wakubwa. Wapiganaji wa Bora Bora walipoiteka Ra'iatea, Tupaia alijeruhiwa na kukimbilia Tahiti, akawa mshauri wa Purea, na kwa muda mpenzi wake. Purea aliposhindwa, naye hakuwa na pa kuegemea. Kuondoka na Waingereza kulikuwa siasa pia: alitumaini mizinga yao siku moja ingeikomboa Ra'iatea.

Cook hakutaka kumchukua, akihofia gharama. Banks, aliyekuwa tajiri, alikubali kumgharamia, na katika shajara yake akaandika kwa uwazi unaochefua kuwa atamweka kama majirani zake wa Uingereza wanavyofuga simba na chui milia kwa gharama kubwa zaidi. Kisha meli ikatweka tanga, na ikawa dhahiri nani anamwongoza nani. Tupaia alitaja visiwa kadhaa, akaeleza kipi kina mwamba na kipi hakina, wapi kuna chakula, safari ya siku ngapi. Popote meli ilipokuwa, baada ya miezi ya kwenda zigizaga, aliweza kunyoosha mkono kuelekea Tahiti. Cook alipouliza vipi mitumbwi ingeweza kwenda mashariki wakati pepo za Pasifiki huvuma kutoka huko, Tupaia alimjibu kuwa kati ya Novemba na Januari hugeuka na kuvuma kutoka magharibi, na mabaharia huzisubiri. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kusi na kaskazi angemwelewa papo hapo.

Kwa pamoja walichora ramani yenye visiwa 74, iliyotawanyika kwenye eneo kubwa kuliko Ulaya. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona imevurugika, maana visiwa vingi havikai mahali pake ukiisoma kwa mtindo wa kaskazini juu, kusini chini. Mwaka 2019 Lars Eckstein na Anja Schwarz wa Chuo Kikuu cha Potsdam walichapisha utafiti unaodai kuwa kosa ni la wasomaji: Tupaia aliweka kaskazini katikati ya karatasi, palipoandikwa neno la Kitahiti la adhuhuri, saa ambayo jua la huko husimama kaskazini, na kila kisiwa kikachorwa kama baharia anavyokielekea kutoka kisiwa kingine. Mjadala haujaisha. Lakini mtu aliyejifunza ramani za wageni kwa wiki chache na kuzigeuza zibebe elimu ya kwao hawezi tena kuitwa msaidizi.

Oktoba 1769 Endeavour ilifika New Zealand, na hapo kuhani huyu akawa mtu muhimu kuliko nahodha. Lugha yake na ya Wamaori zilielewana. Wamaori walikuja kumsikiliza, wakamuuliza habari za nchi ya mababu, na kwa muda mrefu baadaye meli ile ikabaki, katika kumbukumbu zao, meli ya Tupaia. Alichora pia kwa rangi za maji. Mchoro maarufu wa Mmaori na Mwingereza wakibadilishana kamba mkubwa kwa kitambaa ulidhaniwa kuwa wa mtu mwingine hadi mwaka 1997, barua ya Banks ilipofichua kuwa ni kazi ya mkono wa Tupaia. Hakuiona London. Alifia Batavia, Jakarta ya leo, Desemba 1770, siku chache baada ya kijana wake Taiata. Cook aliporudi New Zealand mwaka 1773, Wamaori walikuja pwani wakimuulizia, na walipoambiwa amekufa, wakamlilia.

Wa tatu, Mai, ndiye aliyefika London na kurudi salama. Alipanda meli kisiwani Huahine mwaka 1773, akatambulishwa kwa Mfalme George III mwaka uliofuata, akajifunza kuteleza kwenye barafu na kucheza sataranji, na Joshua Reynolds akamchora akiwa na joho jeupe na miguu mitupu, kama mfalme wa kale wa Mashariki. Mai hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mkimbizi mwingine wa Ra'iatea, baba yake ameuawa na watu wa Bora Bora, na alichofuata Uingereza ni bunduki. Cook alimrudisha Huahine mwaka 1777, akamjengea nyumba na kumwachia farasi na silaha, na miaka michache baadaye Mai akafa. Picha ya Reynolds ilinunuliwa mwaka 2023 kwa pauni milioni 50 na National Portrait Gallery ya London pamoja na Getty ya Los Angeles, ambazo sasa huionyesha kwa zamu.

Wakati Mai akiwa njiani kwenda Uingereza, Cook alishuhudia huko Tahiti jambo lililomnyamazisha. Aprili 1774, pwani ya Pare, aliona jeshi la majini likijipanga kwa vita dhidi ya kisiwa jirani cha Moorea: mitumbwi pacha mikubwa 160 na midogo 170, ambayo kwa makadirio yake ilibeba watu wasiopungua 7,760. Mchoraji William Hodges aliichora. Kutokana na hesabu hiyo Cook alikadiria wakazi wa kisiwa kizima kuwa 204,000, na wanahistoria wengi huiona namba hiyo imezidi. Hata ukiipunguza hadi robo, yaliyofuata yanatisha. Kufikia mwaka 1830 Watahiti hawakufika 10,000. Meli zilileta kaswende, kifua kikuu, homa ya mafua, kuhara damu, na pombe, na Waingereza na Wafaransa walibishana kwa miaka nani aliyeleta ugonjwa wa zinaa, kana kwamba jibu lingewafufua waliokufa.

Wageni walianza pia kukibeba kisiwa chenyewe. Nahodha William Bligh alikuja na meli ya Bounty Oktoba 1788 kuchukua mishelisheli, kwa sababu wenye mashamba ya miwa ya Karibiani walitaka chakula rahisi cha watumwa wao. Alikaa miezi mitano miche ikishika mizizi, na mabaharia wake nao wakashika mizizi. Tarehe 28 Aprili 1789 waliasi karibu na Tonga, wakamtosa Bligh katika mashua, na miche 1,015 ikaishia baharini. Hollywood imeipenda hadithi hiyo mpaka imesahau mwisho wake: Bligh alirudi na meli nyingine, na mwaka 1793 mishelisheli ilipandwa St Vincent na Jamaica, ambako watumwa waliokusudiwa kuila waliikataa kwa muda mrefu.

Machi 1797 meli ya Duff iliteremsha wamisionari wa Kiprotestanti wa London. Kwa karibu miaka 15 hawakupata mfuasi wa maana. Kilichobadili mambo ni ukoo wa Pomare, watawala wa eneo la Matavai, waliotambua kuwa mkono wenye meli ni mkono wenye nguvu. Pomare II aliwashinda wapinzani wake mwaka 1815, akapeleka sanamu za miungu ya ukoo wake London kama ushahidi, akabatizwa mwaka 1819 na mwaka huohuo akatangaza sheria. Ngoma zilipigwa marufuku, chale za mwilini pia, mahekalu yakabomolewa. Wamisionari haohao, wakiongozwa na Henry Nott, waliipa lugha maandishi na kuikamilisha Biblia ya Kitahiti mwaka 1835, na hadi leo kwaya za makanisa ya Kiprotestanti, zenye sauti zinazopishana kwa namna isiyo ya Ulaya, ni miongoni mwa hazina za kisiwa.

Ufaransa nayo ilitumia kama kisingizio kisa cha mapadri wawili Wakatoliki waliofukuzwa mwaka 1836. Manowari zake chini ya Dupetit-Thouars zilimlazimisha Malkia Pomare IV kukubali ulinzi wa Ufaransa mwaka 1842, Watahiti wakapigana mabondeni kuanzia 1844, wakashindwa, na tarehe 29 Juni 1880 mwanawe Pomare V akatia saini ya kukabidhi nchi, akapewa pensheni.

Kwenye mwaka 1891 inafaa tusimame kidogo. Mwezi Februari alifika Henry Adams, mwanahistoria Mmarekani, akiwa amechoka na maisha. Badala ya kutafuta Tahiti ya ndoto, alikaa chini na bibi mmoja wa ukoo wa Teva, Ari'i Taimai, na binti yake Marau, aliyekuwa mke wa Pomare V, wakamsimulia vizazi, ndoa, matusi na vita vya Papara, Purea akiwamo. Masimulizi hayo aliyachapisha kwa nakala chache tu mwaka 1893. Adams aliondoka mwanzoni mwa Juni. Siku chache baadaye aliteremka mjini Papeete mchoraji Paul Gauguin, na kabla hajapata nyumba Pomare V akafa. Gauguin alilalamika kwamba Tahiti ya kale imekwisha. Miungu ya kale aliyoichora hakusimuliwa na wazee. Aliinakili kutoka kitabu cha Jacques-Antoine Moerenhout cha mwaka 1837. Msichana aliyemchora mara nyingi, Teha'amana, alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Rangi za Gauguin ni za ajabu, na mchoro wake mkubwa wa mwaka 1897 uko Boston ukitazamwa na maelfu. Kitabu cha Ari'i Taimai wamekisoma wachache.

Misitu nayo ina historia yake ya wageni. Mwaka 1937 Mmarekani Harrison Smith, mpenzi wa mimea aliyetunza bustani Papeari, alipanda mti wa Amerika ya kitropiki uitwao mikonia, kwa uzuri wa majani yake makubwa yenye zambarau chini. Ndege wakala mbegu, na sasa mti huo umeenea katika theluthi mbili hivi za kisiwa, chini yake hakioti kitu, na miteremko hubomoka mvua ikinyesha. Mwingine alitoka kwetu: konokono mkubwa, ambaye asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki, aliingizwa mwaka 1967 afugwe kwa chakula, akageuka adui wa mashamba. Ili kumwangamiza, mwaka 1974 akaletwa konokono mla wenzake kutoka Florida. Huyo hakuwa na haja na mgumu yule wa Afrika. Aliwala konokono wadogo wa mitini wa jenasi ya Partula, waliokuwa na aina tofauti karibu kila bonde na ambao magamba yao yalitungwa mikufu. Wachache waliokolewa na kulelewa katika bustani za wanyama za Uingereza na kwingineko, wanarejeshwa msituni tangu mwaka 2015, na mwaka 2024 aina moja ya Moorea iliondolewa katika orodha ya waliotoweka porini.

Uwanja wa ndege wa Faa'a, uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Marlon Brando akiigiza maasi ya Bounty. Watalii waliongezeka. Pamoja nao walikuja wanajeshi. Baada ya kupoteza Algeria, Ufaransa ilihamishia majaribio yake ya nyuklia Moruroa na Fangataufa, kusini-mashariki mwa Tahiti: mabomu 193 kati ya Julai 1966 na Januari 1996, kadhaa yakilipuliwa hewani hadi mwaka 1974. Pouvana'a a Oopa, mwanasiasa aliyedai uhuru, alikuwa amekwisha kufungwa na kupelekwa uhamishoni Ufaransa, akishtakiwa kutaka kuuchoma mji wa Papeete. Mahakama ilifuta hukumu hiyo mwaka 2018, miaka 41 baada ya kifo chake. Rais Jacques Chirac aliporudisha majaribio mwaka 1995, vijana waliuchoma uwanja wa ndege.

Katika miaka hiyohiyo ya fedha za jeshi na fadhaa, mambo yaliyopigwa marufuku yalikuwa yakirudi. Madeleine Moua, aliyekuwa mwalimu, aliunda kundi la ngoma mwaka 1956 na kuwashawishi wazazi wa heshima wawaruhusu binti zao wacheze hadharani. Sherehe za Julai, zilizoanzishwa na wakoloni kuadhimisha sikukuu ya Ufaransa, zikawa mashindano makubwa ya Heiva. Kisha Juni 1976 chombo kikaonekana baharini. Hokule'a, mtumbwi pacha uliotoka Hawaii, ulikuwa umesafiri zaidi ya kilomita 4,000 bila dira wala ramani, ukiongozwa na Mau Piailug kutoka Satawal, Mikronesia. Kabla ya hapo Thor Heyerdahl alikuwa ameshikilia kuwa Wapolinesia walisukumwa na mikondo kutoka Amerika ya Kusini, na Andrew Sharp kuwa walipotea tu wakaangukia visiwa. Watu walioujaza ufuo wa Papeete, watoto wakauparamia mtumbwi mpaka nyuma ukadidimia, hawakuhitaji kusomewa hoja. Kwamba mababu walisafiri kwa kukusudia, Tupaia alikuwa amelieleza miaka 207 nyuma.

Taputapuatea iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017. Polinesia ya Kifaransa, yenye watu 280,000 hivi, sasa hupokea watalii zaidi ya robo milioni kwa mwaka, na mjadala mkali wa Papeete ni wageni wangapi wanatosha.

Mjadala huo uliingia Teahupo'o, kijiji cha mwisho wa barabara huko Tahiti Iti, Paris ilipokiteua kuwa mahali pa mashindano ya kuteleza mawimbini ya Olimpiki ya 2024, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka mji mwenyeji. Mnara wa mbao wa waamuzi uliotumika kila mwaka haukutosha, ikasemwa. Ungejengwa wa alumini wa tani 14, misingi yake ikichimbwa ndani ya mwamba. Wavuvi, wachezaji na akina mama wa kijiji waliandamana, ombi lao likasainiwa na watu zaidi ya 200,000 duniani, na jahazi la ujenzi lilipovunja matumbawe Desemba 2023 mbele ya kamera, waandaaji wakasimamisha kazi. Mnara ulijengwa mwishowe, mdogo, wa tani tisa. Tarehe 5 Agosti 2024 Kauli Vaast, mzaliwa wa Tahiti, alitwaa dhahabu ya wanaume pale pale, na medali ikahesabiwa kwa Ufaransa.